Walinzi Wawili wa Kompyuta ya Mama Nembo

Watu wengi hukasirika kwa ajali, kama mtu anavyojikwaa. Mama Nembo hukasirika kwa ratiba. Asubuhi huukasirikia uzi, maana uzi wa rangi ya dhahabu hukatika makusudi ukijua mtu ana haraka. Mchana huwakasirikia wateja, hasa wale wanaoleta picha ya nembo iliyopigwa kwa simu, ukutani, kwenye kivuli, halafu wanauliza mbona simba ana sura ya mbwa. Jioni humkasirikia mumewe, na hapo ndipo hufanya kazi kwa moyo wote.

Wiki ya nembo za wauguzi, ratiba hiyo ilivunjika. Alimkasirikia mumewe tangu Jumanne asubuhi, akavuka naye mchana, akaingia naye jioni, akalala, akaamka, akaendelea pale alipoishia. Na ukisikiliza kisa chenyewe utaona kwamba alijizuia sana.

Mama Nembo anadarizi. Nusu ya sebule yake ni ya wageni, yenye kochi moja na meza ya kioo. Nusu ya pili ni karakana. Hapo pana cherehani ya kudarizi yenye sindano nyingi kama mdomo wa papa, pana roli za nyuzi, pana marobota ya karatasi ngumu ya kuwekwa nyuma ya kitambaa kisijikunje. Na kando, juu ya dawati la shule alilolipata shule ilipobadilisha madawati, pana kompyuta. Waya unatoka kwenye kompyuta unaingia kwenye cherehani. Mama Nembo huchora nembo kwenye kompyuta, mshono kwa mshono, akabonyeza, na cherehani ikaanza kugonga kama mvua ya mawe.

Programu anayochorea ni ya zamani, ya kijivu, yenye vitufe vilivyopangana kama meno yaliyokosa daktari. Kampuni iliyoitengeneza ilishakufa bila kuacha mrithi. Lakini ndiyo pekee inayoelewana na ile cherehani, na Mama Nembo anaijua kama anavyojua jikoni kwake. Kazi zake zote zimo kwenye folda moja aliyoiita NEMBO ZANGU MSIGUSE. Mle ndani kuna simba, tai, vitabu vilivyofunuliwa, mienge, mipira, na nyota za kampuni za ulinzi zisizohesabika. Nusu ya vifua vya mtaa ule vimetoka kwenye folda hiyo.

Sasa mume. Mume wake anaitwa Afande na mtaa mzima, ingawa hajawahi kuwa askari. Alikuwa msimamizi wa zamu kwenye kampuni ya walinzi mpaka alipostaafu, na alistaafu kazi bila kustaafu tabia. Hukagua kitasa cha mlango hata akitoka msalani. Sifa yake kubwa, ambayo wageni wote hulazimika kuinywa pamoja na chai, ni kwamba siku moja alimzuia mkurugenzi mwenyewe getini, kwenye mvua, kwa sababu alisahau kitambulisho.

"Nilimwambia, bosi, sura yako naijua, lakini sura si kitambulisho," husema, na kila mwaka mvua hiyo huongezeka.

Na Afande ana nadharia yake ya kazi. Mlinzi mmoja, husema, atalala tu. Walinzi wawili marafiki watapokezana kulala. Dawa ni kuweka wawili wasiojuana, kila mmoja umnong'oneze kwamba mwenzake ni mwizi. Hapo hata panya atabisha hodi.

Wa tatu katika nyumba hiyo ni Wifi, dada mkubwa wa Afande, aliyekuja kusalimia akasahau kuaga. Kazi yake ni kukata nyuzi zinazobaki nyuma ya nembo, kwa mkasi mdogo kama wa kukatia kucha. Anazikata vizuri mno, na haachi kusema.

Kazi ya wauguzi ilikuwa kubwa kuliko zote. Chuo cha uuguzi kilikuwa na mahafali Jumamosi, na kila mhitimu alitakiwa awe na nembo mpya kifuani: mikono miwili iliyoshika taa, na juu ya taa mwali wa moto wa rangi tatu, njano, machungwa, na nyekundu ya kukolea kwenye ncha. Miaka yote kazi hiyo ilikwenda kwa duka kubwa la mjini lenye mashine mpya na wafanyakazi waliovaa sare. Mwaka huu Matroni wa chuo, mama mmoja mwenye mabega ya kubeba chuo kizima, alikuja mwenyewe, akaketi kwenye kochi, akaiangalia sampuli kwa muda, akasema, "Huu moto unawaka." Akaondoka na sampuli yake. Nembo zote ziwe mikononi mwake Ijumaa mchana. Zikichelewa, namba ya simu ya duka la mjini anayo.

Mama Nembo alikuwa ameuchora ule mwali kwa siku kadhaa. Aliupindisha, akaunyoosha, akaufuta, akaulaani, mpaka ukasimama. Hakuwa na haja ya kusifiwa. Alitaka tu Ijumaa ifike, awapite wale wa mjini kwa mbele.

Balaa lilianzia kwa mpiga picha wa mtaa wa pili. Alifungua barua pepe fulani yenye "ankara" asiyoijua, na kompyuta yake ikafungwa faili zote na watu wasiojulikana wanaotaka walipwe ili wafungue. Bibi harusi mmoja alikuja kudai picha zake akiwa na shangazi watatu. Kelele zilifika hadi kwa Afande, na Afande alizisikiliza kama mtu anayeitwa kazini.

"Mke wangu," alisema Jumatatu asubuhi, "kompyuta yako inalindwa na nani?"

"Na Kifaru."

Kifaru ilikuwa kingavirusi ya bure. Mama Nembo aliiweka mwenyewe mwaka uliopita, na ilikuwa inafanya kazi yake, ila ilikuwa na tabia moja ya kuchefua: kila akizama kwenye kazi iliruka kwenye skrini, nyekundu, ikipiga king'ora. HUJALINDWA KIKAMILIFU! LIPIA SASA UPATE KIFARU MKUBWA! Mama Nembo aliizoea. Aliifunga kama mtu anavyofukuza nzi, akasonya, akaendelea.

"Mlinzi gani huyo," alisema Wifi, "yuko getini lakini anauza karanga?"

"Wa bure, dada," Afande akajibu. "Wa bure lazima auze kitu. Twendeni dukani."

Duka la kompyuta lilikuwa na kiyoyozi cha kugandisha akili za wateja. Nyuma ya kaunta alisimama kijana aliyevaa tai ndefu, iliyofika kwenye mkanda na kuendelea na safari. Mama Nembo alimbatiza hapohapo: Bwana Tai.

"Karibu mzee, karibu mama. Mnatafuta ya bure, au mnatafuta usalama?"

"Kwani hivyo ni vitu viwili?" aliuliza Mama Nembo.

"Mama yangu, ya bure ni mwavuli wa karatasi."

"Nimejifunika huo mwaka mzima, sijalowa."

"Hujajua kama umelowa," alisema Bwana Tai kwa upole wa kutisha.

Afande alishtuka kwa furaha. Hilo ndilo neno alilokuwa akiwaambia wateja wa kampuni yake: hujui kama umeibiwa. Alimtazama kijana kama baba aliyempata mwanawe aliyepotea.

Basi Bwana Tai akafunguka. Kulikuwa na kitu kinaitwa Ngome ya Dhahabu. Inalinda mashine kumi. Inawazuia watoto wasione mambo machafu. Inakuficha mtandaoni watu wasijue uko nchi gani.

"Nijifiche niko nchi gani wa nini?" Mama Nembo aliuliza. "Wateja watanipata wapi?"

"Kwa usalama, mama."

"Na mtoto wetu mdogo ana ndevu kukuzidi wewe. Hakuna ya mashine moja? Inayolinda faili zisifungwe kama za mpiga picha, basi?"

"Ipo," alisema Bwana Tai, kwa sauti ya daktari anayeficha majibu ya vipimo. "Ipo. Lakini usalama hauna bei, mama."

"Kama hauna bei, mbona umeubandikia hiyo hapo?"

Wifi alicheka mpaka akashika kaunta. Afande hakucheka. Alikuwa ameshatoa pochi. "Tupe Dhahabu," alisema, na Mama Nembo akaona ni heri aende zake kununua bobini za cherehani kuliko kumuua mtu kwenye baridi namna ile. Wifi akamfuata. Hilo ndilo kosa pekee la Mama Nembo katika kisa hiki: alimwacha Afande peke yake na kitu kipya cha kusimamia.

Mchana ule, mkewe na dada yake wakiwa bado madukani, Afande alivaa miwani, akaketi wima mbele ya kompyuta, akaiweka Ngome ya Dhahabu kazini. Na Ngome, kabla haijaanza, ikasema jambo la maana kabisa: Tumegundua Kifaru kwenye kompyuta hii. Tafadhali iondoe kwanza ili tuendelee.

Mtu mwingine yeyote angeiondoa. Fundi angeiondoa, mwalimu angeiondoa, hata mlevi angebonyeza tu akaiondoa. Lakini huyu alikuwa msimamizi wa zamu.

"Ahaa!" Afande aliiambia skrini. "Ndiyo kwanza unaajiriwa, unataka mwenzako afukuzwe. Una njama gani?"

Akatafuta, akakuta chini kabisa, kwa herufi za sisimizi: Endelea bila kuondoa, haishauriwi. "Haishauriwi na nani?" akauliza. "Na wewe mwenyewe!" Akabonyeza. Alijisikia kijana tena. Alikuwa na walinzi wawili wasiojuana, geti moja, na kila mmoja akimwona mwenzake mwizi. Nadharia yake ilikuwa imetimia ndani ya boksi.

Ngome ikaanza ukaguzi. Ikapita huku na kule, ikafika kwenye ile programu ya kijivu, ikasimama. Programu hii haina saini. Mtengenezaji hajulikani. Unaiamini? Ndiyo. Hapana.

Afande aliikumbuka mvua. Akabonyeza Hapana. Kisha akaenda kuoga.

Jumanne asubuhi kompyuta iliamka kama mzee anayetolewa kwenye kiti cha chini. Mama Nembo alidhani ni umeme. Hakujua kwamba Ngome ilikuwa imeiweka programu yake kwenye orodha ya wa kufukuzwa, na ilisubiri tu nafasi. Akaifungua, ikafunguka kwa kusuasua. Akafungua nembo ya wauguzi, ambayo mikono na taa vilikuwa kwenye faili moja na mwali kwenye lingine. Aliona ncha ya mwali ina mshono mmoja uliokaa vibaya, akausogeza kidogo, akabonyeza kuhifadhi.

Na hapo walinzi wawili wakakutana mlangoni.

Ngome iliona programu isiyojulikana inaandika kwenye folda, ikaikamata mkono. Kifaru iliona Ngome imekamata kitu, ikadhani ni Ngome inayoiba, ikaikamata Ngome shingo. Skrini ikaganda. Kishale kikawa duara linalozunguka, kikazunguka, kikazunguka. Mama Nembo alisubiri mpaka chai ikapoa, kisha akazima kompyuta kwa kidole kwa nguvu kama anayeua mbu.

Ilipowaka, alama ya programu yake ilikuwa karatasi nyeupe tupu. Akaibonyeza. Faili halipatikani. Akaifungua ile folda. Simba wapo. Tai wapo. Mikono miwili na taa vimo, kwenye faili lake. Na faili la mwali, alilokuwa analihifadhi wakati walinzi wanakabana, lilikuwepo kwa jina tu. Ndani lilikuwa tupu kama sahani iliyorambwa.

"AFANDE!"

Wifi aliangusha mkasi. Jirani alizima redio ili asikie vizuri.

Afande alikuja amejifunga taulo, amejaa fahari. "Umeona? Imeanza kazi."

"Programu yangu iko wapi?"

"Ile ya kijivu? Imezuiliwa. Haina saini, mke wangu, na aliyeitengeneza hajulikani. Mimi mwenyewe iliniuliza."

"Ilikuuliza?" alisema Mama Nembo polepole.

"Iliniuliza vizuri kabisa. Unaiamini? Nikasema hapana."

"Ulikuwa umeketi kwenye kiti changu."

"Ndiyo."

"Mbele ya cherehani yangu. Ukaulizwa kama unaiamini kazi inayokulisha tangu ulipostaafu. Na ukasema hapana."

"Sikusema siiamini kazi, nilisema programu. Kanuni ni kanuni. Nikimpitisha mmoja asiye na…"

"Mdogo wangu," alisema Wifi, akiokota mkasi, "hapo nyamaza. Kwa faida yako."

Hakunyamaza. Alieleza kwamba tangu jana hakuna kirusi hata kimoja kilichoingia. Mama Nembo alisimama.

"Hakuna kirusi," alisema. "Na hakuna programu, hakuna mwali, na Ijumaa hakuna nembo. Mpiga picha alifungiwa kazi na majambazi wa mbali asiowajua. Mimi nimefungiwa na mwanamume ninayemfulia soksi!"

Tuseme ukweli: hasira ile haikuwa ya Afande peke yake. Ilikuwa ya biashara nzima ya kutishana. Nani alianzisha desturi ya mlinzi kumgongea mwenye nyumba kila saa na kumwambia, umenusurika, nimezuia vitisho kadha wa kadha, na ukiuliza vitisho gani anakuonyesha jani lililopeperuka uani? Kifaru wa bure anakutisha ili umlipe. Ngome wa kulipwa anakutisha ili ulipe tena mwakani. Bwana Tai anakutisha kwa sababu ndiyo kazi aliyoajiriwa. Na mume, ambaye hakulipwa na yeyote, anakutisha kwa kupenda. Katikati ya wote hao ameketi mwanamke mmoja anayetaka kushona taa.

Siku nzima walijaribu kuirudisha programu. Katika ile purukushani Kifaru ilikuwa imeinyang'anya Ngome na kuitia kwenye karantini yake, Afande akaifungulia. Ilipotoka tu, Ngome ikaidaka. Akaenda kwa Ngome, akaifungulia. Ilipotoka tu, Kifaru ikaidaka. Ikawa inatolewa rumande hii na kutiwa ile, kama mlevi anayegombewa na vituo viwili vya polisi. Wifi alivuta kiti akaangalia kama mpira. "Ngome ameipata! Kifaru kamnyang'anya! Jamani, huyu Kifaru kwa wa bure anajituma!"

Mwishowe Mama Nembo alimpigia simu Bwana Tai, akaweka sauti ya nje.

"Hazikai mbili, mama," alisema Bwana Tai. "Lazima uondoe moja. Zikikaa pamoja zinapigana."

"Mbona hukutuambia?"

"Inakwambia yenyewe wakati wa kuiweka. Inasema waziwazi, ondoa ile nyingine."

Mama Nembo alimgeukia mumewe. Afande alikuwa anaangalia dari, kana kwamba amesikia mwizi juu ya bati.

"Ilikwambia hilo pia?"

"Nilidhani ni njama," alisema Afande.

"Basi nakurudishia hii Dhahabu yako," Mama Nembo aliiambia simu. "Nipe ile ya mashine moja."

"Iliyofunguliwa hairudi, mama. Lakini bado mna nafasi tisa. Hamna ndugu wenye kompyuta?"

Alichosema Mama Nembo baada ya hapo kilimfanya Bwana Tai akate simu, na jirani akakiandika moyoni kwa matumizi ya baadaye.

Sasa ikabidi kuchagua: abaki wa bure au abaki wa kulipwa. Afande alifuta miwani yake. "Kwa taratibu za kazi," alianza, "mlinzi hafukuzwi bila kusikilizwa. Tuitishe kikao. Dada atakuwa shahidi. Kila mmoja tutamsomea…"

"Kikao?"

"Kifupi tu."

"Ninashona nembo za chuo kizima," alisema Mama Nembo, na sasa sauti ilikuwa imeshuka chini, mahali pabaya zaidi, "sina mwali, na wewe unataka kuziitishia kikao cha nidhamu programu mbili? Toka kwenye kiti."

Akatoka.

"Mimi nasema mbakize wa bure," alishauri Wifi. "Wa bure ana njaa, atakesha."

Mama Nembo aliketi akafikiri, na kufikiri kwake kulikuwa kwa hasira pia, ila kulikuwa kufikiri. Kifaru haikumkosea jambo kubwa mpaka ilipoletewa mwenzake. Kwa mtu mwenye barua zake mbili na picha za wajukuu ingetosha kabisa, na anayemwambia vinginevyo anauza kitu. Lakini Kifaru haikuwa na ile kazi ya kuzuia folda isifungwe na wageni, na ilikuwa inaruka na king'ora chake katikati ya mshono. Mara mbili ilimharibia nembo kwa kuisimamisha cherehani. Ngome ilikuwa na kazi hiyo moja anayoihitaji, na mapambo tisa asiyoyahitaji. Na ilishalipiwa, na hairudi.

"Wewe," aliiambia Ngome, akiinyooshea kidole skrini, "umekula mshahara wa mwaka mzima kwa mkupuo. Utafanya kazi mpaka jasho likutoke." Kisha akaiondoa Kifaru. Ilimuuliza kama ana uhakika, ikamuuliza kama atairudia, ikamuuliza sababu ya kuachana, ikamwonyesha hata uso wa katuni unaolia. Alibonyeza Ndiyo kwa kila kitu.

Akawasha kompyuta upya. Akairudisha programu kutoka karantini. Ngome ikaruka: Programu hii haina saini. Mtengenezaji hajulikani. Unaiamini?

"Njoo hapa," alisema.

Afande akaja.

"Jibu."

Alisimama na kidole juu ya kipanya. Mtu aliyemwacha mkurugenzi alowe getini alikuwa anakiogopa kitufe. "Lakini ni kweli hajulikani," alisema kwa sauti ndogo. "Aliyeitengeneza."

"Hajulikani. Na mimi?"

Akabonyeza Ndiyo. Programu ya kijivu ikafunguka na meno yake yote, na Mama Nembo hakumshukuru.

Kabla ya kugusa kitu kingine alichukua flashi, akanakili NEMBO ZANGU MSIGUSE yote, akaitumbukiza flashi kwenye kopo la vifungo, mbali na waya wowote. Alijilaani kwa kutolifanya hilo mwaka jana. Halikuhitaji Kifaru wala Dhahabu wala Bwana Tai. Kisha akaanza kuuchora mwali.

Sampuli ilikuwa kwa Matroni. Kuiomba ni kukiri kwamba kazi imeharibika, na kukiri ni kumpa Matroni sababu ya kupiga ile namba ya mjini. Alichora kwa kumbukumbu. Mwali wa kwanza ulitoka kama pilipili. Wa pili ulitoka kama jani. Jumatano nzima aligombana na mshono mmoja hadi mwingine, na kila Afande alipopita nyuma yake kwa kunyata, alisema bila kugeuka, "Usipumue hapa." Jumatano jioni ulipatikana mwali unaofanana na moto. Haukuwa ule. Ulikuwa umeinama kushoto kidogo, kama mtu anayesikiliza umbea. Lakini Ijumaa ilikuwa haisubiri.

Alhamisi cherehani iligonga mfululizo. Afande alipewa mkasi, akawekwa karibu na dada yake, wakakata nyuzi. Mara ya kwanza alikata na kitambaa. Wifi akamchapa mkono kama mtoto.

Ijumaa mchana walifika chuoni, Mama Nembo mbele, Wifi nyuma, Afande wa mwisho amebeba boksi. Ofisi ya Matroni ilinuka dawa na karatasi. Matroni alifungua boksi, akatoa nembo moja, akafungua droo yake, akatoa ile sampuli. Akaziweka sambamba mezani.

Mama Nembo aliangalia ukutani. Kulikuwa na picha ya mifupa ya mwanadamu, na aliionea wivu kwa utulivu wake.

"Huu wa kwanza umesimama," alisema Matroni. "Hizi zote zimeinama."

"Upepo," alisema Wifi.

Matroni hakucheka. Aliinua uso akamtazama Mama Nembo, akingoja. Na Mama Nembo, ambaye njia nzima alikuwa amepanga uongo mzuri kuhusu uzi na unyevunyevu, alijikuta hasira imempanda tena, na hasira yake haikuwahi kujua kudanganya.

"Mchoro wa kwanza umepotea," alisema. "Kompyuta ilimuuliza mume wangu huyu aliyebeba boksi kama anaiamini kazi yangu. Akasema hapana. Nimeuchora upya kwa kichwa, kwa hasira, na ndiyo maana umeinama. Mikono iko sawa, taa iko sawa. Kama huzitaki, sema sasa nijue."

Afande alitamani boksi lingekuwa kubwa zaidi, aingie.

Matroni alimwangalia Afande juu mpaka chini, kama anayetafuta mahali pa kuchoma sindano.

"Mume wangu mimi," alisema mwishowe, "angeomba muda afikirie." Akaigeuza nembo, akavuta uzi kwa kucha, haukutoka. Akarudisha sampuli kwenye droo. "Wahitimu wangu watatembea, hakuna atakayewasimamisha kuwapima mwali. Nazichukua. Lakini mwakani usimame."

"Utasimama," alisema Mama Nembo.

Nyumbani hakuvua hata viatu. Aliketi mbele ya kompyuta, akafungua nembo ya wauguzi, akaukuza mwali mpaka ukajaa skrini, akaanza kuusukuma kulia, mshono kwa mshono. Wifi alikwenda kulala usingizi wa mchana alioukosa. Afande alizungukazunguka, akakagua kitasa, akakikagua tena, kisha akasimama umbali wa heshima.

"Mke wangu. Hiyo Ngome… mimi nitakuwa naiangaliaangalia tu. Isije ikalala."

"Iangalie," alisema Mama Nembo bila kugeuka. "Ila ikikuuliza kitu chochote, hata jina lako, usijibu. Niite."